Zile Kadi Tupu

Kalunde mwanangu,

Mchana nimeondoka mezani sijamaliza ugali, nikakuacha wewe na mama yako mnatazamana. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimekaa hapa uani, karatasi juu ya goti. Najua ukirudi sitaweza kuyasema haya kwa mdomo bila kupaza sauti, na kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma. Sitaki uondoke na makelele yangu masikioni.

Mambo ya chandarua, kufuli la sanduku na vyakula vya njiani mama yako ameshakueleza, na stendi atakueleza tena. Hayo namwachia yeye. Mimi nina hasira, na hii ni barua ya hasira hiyo. Isome ukiwa umeshafika.

Fungu lako katika hasira yangu ni dogo. Ni ile sentensi moja. Nilikuwa nawasimulia kisa cha yule mama wa Ipole, nikawaambia wakubwa wanataka niandike kwamba alidanganya. Wewe ukachota mboga, ukasema bila hata kuinua macho, "Lakini Baba, mfumo umefanya kazi yake. Yeye ndiye aliyetoa jina ambalo halimo."

Ulisema kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu ya mdogo wake. Kesho unakwenda kusomea kazi hiyo hiyo, kutengeneza mifumo ambayo watu wataitumia kutafuta vitu vyao. Na tayari unajua nani wa kulaumiwa! Nikainuka. Ungeona uso wangu wakati ule ungedhani nakuchukia. Kilichoniinua ni kwamba maneno hayo yalikuwa yangu kabla hayajawa yako. Niliyasema kwa kelele, mbele ya benchi zima la wagonjwa, nikimwambia mwanamke aliyebeba mtoto mgonjwa.

Mezani hamkusikia kisa chote. Nakuandikia chote.

Mama Mihayo, huyo wa Ipole, alifika hospitali asubuhi, foleni ikiwa imejaa, kwa gari dogo la kijana anayenunua asali huko kwao. Mume wake ni mfuga nyuki. Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na siku hiyo maumivu yalikuwa yamemshika miguu na mgongo, hata kulia alikuwa halii tena, anaguna tu. Daktari wa zamu akaja mwenyewe mpaka dirishani kwangu.

"Baba Kalunde, nitafutie faili la huyu mtoto haraka. Mama yake anasema kuna sindano ilimvimbisha uso hapa hapa kwetu mpaka akakosa pumzi. Jina la sindano halijui. Ana homa, nataka kumwanzishia dawa, lakini sithubutu kumchoma kitu kabla sijaona kilichoandikwa."

Nikaandika kwenye kompyuta jina la mtoto, la baba yake, na la kijiji. Kioo kikajibu: *Mgonjwa huyu hayupo.*

"Mama, mtoto alishawahi kutibiwa hapa?"

"Hapa hapa. Wewe mwenyewe ulituandika."

"Kwa jina gani?"

"Mihayo."

"Hakuna Mihayo wa Ipole."

"Huyu hapa," akasema, akamwinua kidogo mapajani ili nimwone vizuri.

Nikajaribu tena, jina la mtoto peke yake, maana mashine haimtafuti mtu kwa baba wala kwa kijiji tu. Wakaja Mihayo wengine, watu wazima, mmoja wa Usinge, mmoja marehemu. Mama akawa ananiangalia vidole. Mwishowe akasema, "Mara ya mwisho tulipokuja ulituona mara moja, hata jasho halikukutoka. Leo mmetupoteza wapi?"

Hapo nikaelewa. Huyu mtoto alikuwa amebadilishwa jina. Wewe unaijua desturi hiyo, hata kama shuleni mlikuwa mnaicheka. Mtoto anaumwa haponi, wazee wanakaa, wanasema kuna babu anataka kuitwa, basi mtoto anapewa jina la babu na lile la kwanza linaachwa. Haliitwi tena. Wapo wasiolitamka kabisa, maana kulitamka ni kuurudisha ugonjwa ndani. Wakatoliki wanafanya, Wamoraviani wanafanya, na Jumapili wanakwenda ibadani wamenyooka.

Nikamuuliza, "Zamani aliitwa nani?"

Akafunga mdomo.

"Mama, daktari anasubiri. Zamani aliitwa nani?"

Akatikisa kichwa.

Na mimi, Kalunde, nikapiga kelele. Nilikuwa naogopa. Niliogopa mtoto atakufa dirishani kwangu, niliogopa kuulizwa, niliogopa foleni, na mimi nikiogopa nakuwa mkali, hilo unalijua tangu ukiwa mdogo. Nikamwambia, "Unatoa jina ambalo halimo halafu unataka tukuhudumie! Kosa ni lako! Sema jina!" Bibi mmoja benchini akasema kwa upole, "Karani, unamwambia amuue mwanawe kwa mdomo wake."

Aliyetuokoa ni yule mnunuzi wa asali. Alikuwa amesimama mlangoni akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Bosi, punguza moto," akasema. "Mimi si wa ukoo huu. Mimi Msukuma wa Bukene, nanunua asali tu, na nimemjua mtoto tangu jina la kwanza. Mizimu yao hainijui wala hainidai. Toka nje kidogo nikwambie, mama asisikie."

Tukatoka mpaka penye bomba. Akainama sikioni kwangu, akalitamka, kisha akatema mate pembeni, akacheka. "Na wewe ukishaandika kanawe mikono. Huwezi kujua."

Nikarudi, nikaliandika. Faili likafunguka kabla sijaondoa kidole. Kila kitu kilikuwemo: selimundu, kundi la damu, na kwa herufi kubwa jina la ile sindano iliyotaka kumuua. Daktari akasoma, akageuka mbio.

Mtoto alipona, ameshatoka. Lakini jambo moja halijanitoka rohoni. Faili lilikuwemo muda wote. Mtoto alikuwa mbele yangu anaguna, faili lake lilikuwa ndani ya mashine mbele yangu, na mashine ikaniandikia kwamba hayupo. Haikusema "sijamwona." Haikusema "jaribu njia nyingine." Ilisema hayupo, nami nikaiamini zaidi ya mwanamke aliyemzaa.

Sasa nikueleze zile kadi, maana uliponiona naondoka mezani ulidhani ni desturi tu ninayoitetea.

Kabla ya kompyuta, masijala yetu ilikuwa na makabati ya kadi. Mtoto akiletwa mara ya kwanza, anaandikiwa kadi yenye jina lake, kijiji, maradhi. Akirudi amebadilishwa jina, hatukumwandikia upya. Karani alichukua kadi nyingine, akaandika juu yake jina jipya, na chini yake kwa penseli jina la zamani, basi. Hakuna maradhi, hakuna tarehe. Kadi hiyo ilikaa kwenye droo mahali pa jina jipya. Mama akija akataja jina jipya, unavuta droo, unaikuta ile kadi, inakuelekeza kwenye kadi halisi, na yeye hasikii wala haoni lile jina analoliogopa. Tuliziita kadi tupu. Sikuzibuni mimi. Nilizikuta, nikafundishwa siku ya kwanza kazini pamoja na mahali pa kuweka miavuli. Na zilikuwa na kasoro zake, panya walikula nyingine, nyingine ziliwekwa droo siyo. Sikuambii kwamba zamani palikuwa peponi.

Walipokuja kutuwekea mfumo, alitumwa kijana msafi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa nasi siku chache, akavuta droo, akashika rundo la kadi tupu.

"Hizi ni za nini, kaka?"

"Za majina," nikasema.

"Hazina taarifa yoyote ya mgonjwa. Tukiziingiza, mtu mmoja ataonekana wawili, hesabu za ripoti zitaharibika. Tuziache?"

Nikasema, "Sawa."

Mimi nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Nilisoma darasani kazi ya kadi ya namna ile, mtihani ulitoka, nilijibu vizuri. Nilijua anachokitupa. Ningehitaji kusema maneno machache tu: hawa ni watu walewale wenye majina mawili, mpe kila mtu nafasi ya jina la pili, na aonekane kwa lolote kati ya hayo. Kwa mashine ile ni kazi ya nusu siku. Lakini katibu wa hospitali alikuwa amekaa pale, na mimi nikafikiria, nikianza kusema habari za mizimu mbele ya mtu wa Dar wataniona mshamba. Mkataba wangu ni wa mwaka kwa mwaka. Nikasema sawa, nikawasaidia kuzitia kwenye gunia.

Na moja ilikuwa yako.

Unajua ulibadilishwa jina, bibi yako hakukuficha. Ila hukuwahi kuniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa kijana niliyetoka tu kidato cha sita, nimekupata kabla sijajipata mwenyewe, watu wakituona wanadhani mimi ni kaka yako. Ulilia miezi, mchana na usiku, hospitali hawaoni kitu. Bibi yako akasema jina hili halimfai mtoto. Nikabisha kisomi. Nikatumia maneno makubwa. Bibi yako akaniacha nimalize, akasema, "Haya, umeshasoma. Sasa mpokee mtoto umbembeleze wewe." Nikakubembeleza, ukalia mpaka nami nikalia. Kesho yake ukaitwa Kalunde. Ukanyamaza baada ya muda, sijui kwa sababu gani, na sitajifanya najua. Najua tu kwamba tangu siku ile mimi pia sijalitamka lile la kwanza. Hata sasa kalamu iko mkononi, na siliandiki.

Kadi yako tupu niliiona ikiwa juu ya rundo. Niliutambua mwandiko wa karani aliyenitangulia. Nikaitia kwenye gunia pamoja na nyingine, gunia likaenda kwenye tanuru la nyuma ya maabara. Kwa hiyo ukiniuliza hasira yangu ni ya nani, anza na mkono huo.

Halafu wewe leo, Kalunde mwenye majina mawili, unaniambia mfumo umefanya kazi yake! Mfumo huo ukikuuliza wewe, nusu ya maisha yako haimo. Homa zako zote za utotoni ziko kwa mtoto mwingine ambaye hajulikani alipo.

Ngoja nipumzike kidogo. Mama yako amepita hapa, ameniuliza, "Bado unagombana na karatasi?" Nikamwambia ndiyo. Ameniwekea chai, ameondoka.

Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akisimulia habari za mzee wetu aliyekwenda pwani na msafara, amebeba pembe begani? Aliondoka hapa na jina la kwao. Njiani wapagazi wakapeana majina mapya, ya matani, ya safari. Akarudi baada ya misimu mingi, ndevu zimeota, anaitwa jina ambalo nyumbani hakuna anayelijua, na mama yake macho yalikuwa yameshaharibika. Waliokaa mlangoni wakasema, hatuna mtu wa jina hilo. Mama yake akasema, mleteni karibu. Akampapasa bega lililoota sugu, akampapasa kovu la mguuni, akasema, huyu ni wangu, mpeni maji. Basi. Mji huu wote umejengwa na watu waliokuwa wakipita na kubadilika majina, na palikuwa na njia ya kuwatambua. Sisi wenye umeme ndio tumeshindwa.

Sikwambii haya ili uache kompyuta. Kadi zililiwa na panya, nimeshasema. Nataka mashine, na nataka wewe uitengeneze, kwa sababu unazo akili na mimi najivunia mpaka naona aibu kuonyesha. Ila utakapokaa mbele ya droo za watu, ukakuta kitu kinachoonekana hakina maana, kitu kitupu, usimuulize tu karani kama kiachwe. Karani anaogopa. Atakwambia sawa. Kaa dirishani kwake asubuhi nzima, uone mtu anayekuja anataja nini, na nini hawezi kutaja. Watu hawaji na neno lile uliloliweka wewe ndani. Wanakuja na jina jipya, na jina la mume aliyekufa, na "yule aliyelazwa msimu wa kuuza tumbaku." Ukiwawekea mlango mmoja, umewafungia.

Na mashine yako ikitafuta ikakosa, iandike kwamba imekosa. Isiandike kwamba mtu hayupo. Hilo nakuomba kama baba, si kama karani.

Sasa kuna jambo la kesho, ambalo mezani sikulifikia.

Katibu ameniletea maelezo yameshachapwa, yanasubiri sahihi yangu. Yanasema mama wa mgonjwa alitoa taarifa za uongo kwa makusudi. Wageni wanakuja kuukagua mfumo ili upelekwe hospitali nyingine, na tukio la siku ile haliwezi kubaki bila mwenye kosa. Nikisaini, mama yule anaondolewa kwenye msamaha wa matibabu. Unajua selimundu. Ni kliniki kila mara, ni damu, ni dawa. Mfuga nyuki wa Ipole hawezi kulipia hayo. Wataanza kumchelewesha mtoto nyumbani, wataanza kungoja asali iuzwe kwanza, na siku moja watachelewa kabisa.

Nilimwambia katibu, "Mzee, huyu mama hakudanganya."

Akasema, "Kwani mfumo ndio uliodanganya?"

"Tulitupa zile kadi, mzee."

"Kadi gani? Tupu?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Kijana, wewe una binti anaanza chuo. Saini ukalee."

Nimekaa na karatasi hiyo tangu Ijumaa. Nimeogopa. Ningekuwa na ujasiri ningemjibu pale pale. Sina. Nilisema, "Nitaisoma vizuri, mzee," nikaikunja. Na leo mezani nilitaka uniambie, Baba, usisaini. Nilikuwa nalingoja neno hilo kutoka kwako kama mtoto. Badala yake ukaniambia mfumo umefanya kazi yake. Hiyo ndiyo sababu ya ugali kubaki.

Sikulaumu. Hukujua unaulizwa nini. Mimi nami sikukuuliza. Nilisimulia pembenipembeni nikitegemea utaona mwenyewe, na hilo nalo ni kosa la watu waoga.

Kesho basi lako likishaondoka, nitakwenda moja kwa moja hospitali. Karatasi yake nitamrudishia haina sahihi. Nitampa nyingine niliyoiandika kwa mkono wangu, ina mistari michache: mama alitaja jina la mwanawe kama anavyoitwa. Sisi tulikuwa na njia ya kumwona kwa jina hilo, tukaichoma. Mimi nilikuwepo, nilijua, nilinyamaza. Ninaomba mama huyu asiguswe, na mfumo upewe nafasi ya jina la pili kabla wageni hawajafika. Nakala nitampa daktari wa zamu, ameshakubali kuipokea.

Huenda nikaachishwa. Mkataba unaisha karibuni, hawahitaji hata kunifukuza, watanyamaza tu uishe. Ada ya mwanzo imeshalipwa. Ya mbele sijui. Sikwambii ili ubebe mzigo huo, nakwambia kwa sababu ni haki yako kujua kwa nini, na ujue kutoka kwangu. Ukikasirika, kasirika. Tutakuwa wawili.

Mwanga unaisha hapa uani, na mwandiko umeanza kupinda. Utavumilia.

Nakusikia unakuja, unaimba ule wimbo wa kwaya kwa sauti ya pili. Nitakunja hii niitie kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, tutakula usiku huu, na nitakuomba radhi kwa ugali wa mchana bila maelezo.

Huko uendako watakupa majina, Kalunde. Ya utani, ya kazi, labda ya mume. Chukua utakayoyapenda. Siku utakayorudi, hata ukija na jina ambalo mji huu haujawahi kulisikia, usijieleze mlangoni. Simama tu hapo penye mwanga nikuone.

Baba yako,
bado na hasira, na chai imepoa.